Saa Moja ya Jamaa katika Likizo Kubwa



Shule zimefungwa. Madaftari yamewekwa juu ya kabati, na vijana wetu wako nyumbani kwa muda wa miezi miwili, tangu mwanzo wa Julai hata mwanzo wa Septemba. Wazazi wengi waliingojea likizo hii kwa furaha, wakidhani ya kuwa sasa watakaa pamoja na watoto wao. Kumbe juma la pili halijaisha, nao wameanza kulalamika: «Tangu shule zifungwe, kijana wetu tunamwona haba kuliko alipokuwa akisoma.»

Malalamiko hayo yana sababu. Asubuhi kijana yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Mchana yuko pamoja na wenzake wa Xaveri, wa Kiro au wa Skauti. Alasiri yuko uwanjani kucheza mpira. Mwingine huuza maji barabarani apate fedha za madaftari ya mwaka ujao. Aliyefanya mtihani wa Serikali anangoja matokeo, na moyo wake hautulii mahali pamoja. Hata akirudi jioni, mwili wake umeketi kati yetu, lakini macho yake yamo katika simu.

Na tuseme neno la haki. Nyingi za shughuli hizo ni njema. Chama cha Xaveri, kwa mfano, kilianzishwa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour, Mmisionari wa Afrika, na vijana wengi wamejifunza humo kutumikia wenzao. Hatuwezi kumlaumu kijana kwa sababu anamwimbia Mungu au anamsaidia mama yake kulipa karo. Tena, tujiulize: je, wazazi wenyewe wako nyumbani? Baba hutoka alfajiri na kurudi usiku. Mama yuko sokoni hata jua linapokuchwa. Kijana akifika saa kumi na kukuta mlango umefungwa, ataongea na nani? Kwa hiyo tusitafute mwenye kosa. Tutafute dawa.

Injili ya Mtakatifu Luka yatuonyesha jamaa moja iliyopatwa na jambo hilo. Yesu alikuwa na miaka kumi na miwili, umri ule ule ambao watoto wetu huanza kuwa na njia zao. Baada ya sikukuu ya Pasaka alibaki Yerusalemu, na wazazi wake wakaenda mwendo wa siku nzima wakidhani yuko kati ya ndugu na rafiki. Hawakumwona. Walirudi nyuma, wakamtafuta, na baada ya siku tatu wakamkuta hekaluni kati ya walimu. Mtoto hakuwa katika uovu. Alikuwa katika shughuli njema kabisa. Lakini Maria na Yosefu hawakusema: «Maadamu yuko mahali pazuri, na tuendelee na safari.» Walirudi. Maria alimwuliza sababu, akasikia jibu lake, na ingawa hawakulielewa neno lile, aliyaweka yote moyoni. Kisha wote watatu wakashuka Nazareti pamoja, na mtoto akawatii.

Wazazi wakristo, mwayaona mafundisho yaliyomo humo. Ikiwa hata Jamaa Takatifu ilibidi kurudi nyuma na kutafuta, nasi tusione haya kufanya vivyo hivyo. Na marehemu Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwafundisha wazazi kwamba haitoshi kutaka kujua mtoto amesimama wapi kila dakika. Yafaa zaidi kujua moyo wake uko wapi: anaamini nini, anakusudia nini, anatamani nini. Mambo hayo hayajulikani kwa kumwita kwa simu mara kumi kwa siku. Hujulikana kwa kukaa naye.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mtoto mwenye miaka kumi na mitatu leo, akimaliza masomo ya sekondari kwa miaka kumi na minane, amebakiza likizo kubwa tano au sita nyumbani kwa wazazi wake. Kila likizo ina Jumapili nane au tisa. Zijumlisheni: hazifiki sitini. Baadaye ataenda chuo kikuu, au kazini katika mji mwingine, au katika seminari au utawa, au ataoa na kuwa na nyumba yake. Wakati huo mzazi hatakuwa na njia ya kuzirudisha Jumapili hizo. Udongo upate ungali maji.

Basi shauri letu ni hili: wekeni saa moja kila juma, saa ya jamaa yote. Hatusemi siku nzima, kwa maana siku nzima haitapatikana, na kijana ataiona kama kifungo. Saa moja yatosha, mradi isivunjwe. Ili saa hiyo isimame, tunataja mambo matatu.

La kwanza: ichagueni pamoja na vijana. Msiwatangazie kama amri ya mkuu wa wilaya. Mama amwambie kijana wake: «Baba, sisi twataka kukaa nanyi saa moja kila juma. Kwaya yenu yaisha saa ngapi?» Naye akijibu: «Mama, Jumapili baada ya saa kumi mimi niko huru,» basi saa imepatikana, na yeye mwenyewe ameitoa. Neno lililotoka kinywani mwake atalishika kuliko neno lililotupwa kichwani pake. Tena ahadi hiyo ni ya pande mbili: siku hiyo baba naye asikawie kwa rafiki zake, na simu zote, pamoja na ya baba, zilale ndani ya kikapu kimoja.

La pili: mpeni kila kijana kazi katika saa hiyo. Mgeni huketi akingoja kuandaliwa. Mwenye nyumba hushika kazi. Kijana asiye na kazi nyumbani hujiona mgeni, naye huondoka mapema. Na kazi zigawanywe kwa haki. Si vema binti zetu wapike na kuosha vyombo, huku kaka zao wakiitwa kwa kula tu. Mikono ya mvulana haiharibiki kwa kushika mwiko.

La tatu: saa hiyo isiwe baraza la hukumu. Mambo ya alama mbaya, ya nguo na ya marafiki yana wakati wake. Kijana akijua kwamba kila Jumapili ataulizwa makosa ya juma zima, ataanza kukumbuka mazoezi ya kwaya ambayo hayapo. Mzazi asimulie kwanza: jinsi alivyosoma, jinsi babu alivyofika mjini, jinsi walivyoonana na mama. Kisha anyamaze kidogo. Vijana wengi husema neno kubwa wakati mikono yao ina kazi na hakuna anayewakazia macho.

Tena nchi yetu imetupa siku moja inayofaa sana kwa jambo hili. Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi katika Kongo. Asubuhi watu huenda makaburini kusafisha makaburi ya wazee wao. Alasiri wazazi walio hai huheshimiwa nyumbani. Msiende makaburini peke yenu na kuwaacha vijana kitandani. Wapeni jembe na fagio, waonyesheni kaburi la babu, waambieni jina lake kamili na kazi yake, mkasali pamoja kwa ajili ya roho yake. Kijana anayejua alikotoka hapotei upesi.

Twajua kwamba ziko jamaa zilizolazimika kuacha makao yao kwa ajili ya vita, hasa katika Kivu mwaka 2025, na nyingine baba yuko huku na watoto kule. Saa ya jamaa haidai nyumba nzuri wala meza. Yaweza kuwa chini ya mti, au penye mlango wa ndugu aliyewakaribisha. Waliotengwa waweza kusali fungu moja la rozari kwa saa ile ile, kila mmoja mahali alipo, wakijua kwamba wengine nao wanasali.

Ili tusiwaache na maneno matupu, tunawapa pishi moja tamu la kumalizia chakula cha Jumapili: wali wa maziwa na nanasi. Tumelichagua kwa sababu halimruhusu mpishi kuondoka. Lataka mtu aketi karibu na mbabula akikoroga muda wa dakika arobaini, na hakuna anayekoroga dakika arobaini bila kuongea.

Kwa watu wanane tafuteni: mchele gramu 200 (ule wa bonde la Ruzizi wafaa), maji nusu lita, maziwa lita 1, sukari gramu 100, yaani vijiko vikubwa vinane, chumvi kidogo sana, kipande cha ganda la limau, na nanasi moja lililoiva. Asiye na maziwa ya ng'ombe akoroge gramu 130 za maziwa ya unga katika lita 1 ya maji safi.

Mdogo wa nyumba achague mawe katika mchele na kuuosha. Uchemsheni katika maji pamoja na chumvi hata maji yakauke. Hapo mwageni maziwa yaliyokwisha kupashwa moto, tieni ganda la limau, na punguzeni makaa, kwa maana moto mkali huunguza maziwa chini ya sufuria. Mmoja akoroge polepole, akifikia chini kabisa. Akichoka, apokewe na mwingine. Wali ukiwa laini na mzito kama uji, ondoeni ganda, tieni sukari, korogeni dakika tano nyingine, kisha epueni. Sukari isitiwe mwanzoni, kwani hushika chini upesi.

Wakati huo mwingine amenye nanasi, alikate vipande vidogo, na kulipika peke yake kwa vijiko vitatu vya sukari muda wa robo saa, mpaka maji yake yawe mazito. Msilichanganye na maziwa motoni, kwa sababu ukali wake huyakatisha. Liwekeni juu ya wali katika sahani wakati wa kula. Wali huliwa ukiwa vuguvugu au ukiwa umepoa, lakini uishe siku ile ile. Usilazwe mahali pasipo na friji. Baba na aoshe sufuria: vijana watacheka, na kicheko hicho nacho ni sehemu ya sikukuu.

Kabla ya kuinuka, salini pamoja Baba Yetu na Salamu Maria, mkapatane ni nani atakayeshika mwiko Jumapili ijayo. Jamaa Takatifu ya Nazareti iwaombee ninyi na watoto wenu katika likizo hii.