RUZUKU YA INTANETI ISIISHIE DUKANI KARIAKOO

Ndugu wanachama, na wewe mpita njia uliyesimama hapa ukutani kusoma,

Toleo hili tunazungumzia bando. Msicheke. Wapo watakaosema ushirika ni wa mazao, habari za bando ni za vijana. Sisi tunasema siyo. Bando limekwisha ingia shambani, limeingia shuleni, limeingia maofisini, na mnyonge ndiye anayelilipia kwa taabu. Maoni yetu ni haya: Serikali izisaidie kaya zenye kipato kidogo kupata intaneti, lakini msaada huo utolewe kwa njia ambayo anayesaidiwa atauona na kuuhesabu mwenyewe. Ukipitia kwa muuzaji, utaishia kwa muuzaji.

Hebu tutazame mambo yalivyo. Zamani ukitaka karatasi ya Serikali ulifunga safari. Ulipanda basi, ukaunga daladala la Posta, ukashuka, ukauliza Mtaa wa Makunganya ziliko ofisi za RITA, ukapanga foleni. Nauli ilikuwa mzigo, lakini uliijua toka nyumbani ni kiasi gani. Leo kijana aliyemaliza Kidato cha Sita akitaka mkopo wa elimu ya juu anajaza maombi kwa intaneti, na cheti chake cha kuzaliwa kinahakikiwa kwa intaneti. Dirisha la maombi likifungwa, limefungwa. Mkulima naye, tangu msimu wa 2022/23, anapata mbolea ya ruzuku baada ya kuandikishwa kwenye mfumo wa kompyuta, na namba yake inakuja kwenye simu.

Safari ya Posta imepungua, na hilo ni jema. Lakini nauli haikufutwa, imegeuka bando. Na asiye na simu janja analipa mara tatu: anamlipa mwenye steshenari amfungulie, anamlipa amjazie, anamlipa amchapie. Mtandao ukikatika katikati ya kujaza, anaanza upya na kulipa upya. Tajiri aliyelala nyumbani kwake anafanya kazi hiyohiyo kwa dakika kumi.

Tusiseme Serikali haikufanya kitu. Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ule wanaouita UCSAF, ilitungwa mwaka 2006. Kazi ya Mfuko huo ni kuyapa makampuni ya simu ruzuku wakajenge mahali ambapo biashara peke yake isingewapeleka. Mwezi Mei 2023 mikataba ilitiwa saini Dodoma ya kujenga minara 758 katika kata 713. Hiyo ni kazi kubwa, na anayepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao anaijua thamani yake. Lakini mnara ni sawa na barabara. Barabara ikifika kijijini, asiye na nauli bado ataiangalia tu, basi linapita.

Sasa tuje Kariakoo. Katika bajeti ya 2021/22 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Nia ilikuwa njema: bei ishuke, na watumiaji wa intaneti wafike asilimia 80 ifikapo 2025. VAT ni asilimia 18. Maana yake, simu iliyokuwa ikiuzwa shilingi 118,000 pamoja na kodi ilipaswa kuuzwa 100,000. Je, mwanachama aliyeshuka Kariakoo mwaka ule, akatembea Msimbazi na Aggrey duka kwa duka, aliiona hiyo 18,000? Jibu lilitolewa na Serikali yenyewe. Bajeti ya 2022/23 iliufuta msamaha ule, kwa maelezo kwamba unafuu haukumfikia mnunuzi.

Kwa nini haukumfikia? Enzi zile tungeandika neno moja tu, walanguzi, tukaweka kalamu chini. Lakini mambo si mepesi hivyo. Simu inatoka kwa mwagizaji, inapita kwa muuzaji wa jumla, inafika kwa mwenye fremu, na pengine kwa machinga. Kila mmoja ana kodi ya pango na kila mmoja ana mkopo. Hakuna aliyelazimishwa kushusha bei, na mnunuzi wa kutoka kijijini hakuwa na njia ya kujua bei ya jana ilikuwa ngapi. Msaada usiokuwa na shahidi huyeyuka njiani kama barafu ya wauza samaki. Hata aliyeuyeyusha humwoni.

Watu wa mbali nao wamejaribu kwa njia yao. Marekani, kuanzia mwisho wa mwaka 2021, kaya zenye kipato kidogo zilipunguziwa dola 30 kila mwezi kwenye bili ya intaneti. Kaya zaidi ya milioni 23 ziliingia. Hapo unafuu ulionekana, kwa sababu uliandikwa kwenye bili na kila mama mwenye nyumba aliusoma. Lakini fedha ziliwekwa fungu moja tu, wabunge wao hawakuongeza, na Juni 2024 mpango ukafa. Waliozoea wakaachwa na bili nzima. Funzo la kwanza: unafuu uonekane. Funzo la pili: uwe na chanzo cha fedha cha kudumu. Ila tusiige kila kitu. Sisi hatuna bili ya mwezi. Sisi tunanunua bando la leo, na kesho Mungu ni mkubwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi wazee wetu wanaukumbuka. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Wakati huo redio ilikuwa mali ya wachache. Serikali haikusubiri kila nyumba iwe na redio, wala haikuwapa wenye maduka unafuu na kuomba Mungu bei ishuke. Iliandaa vikundi. Vikundi vipatavyo 75,000, na watu wazima karibu milioni 2, walikaa kusikiliza redio moja, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo. Barua zetu nazo ni hivyo. Ni nani hapa alikuwa na sanduku lake mwenyewe? S.L.P. ya shule au ya ushirika ilitutosha wote, na barua zikafika.

Basi mapendekezo yetu ni matatu.

Kwanza, huduma ya Serikali ambayo mwananchi analazimika kuifuata kwenye intaneti isimle bando. Maombi ya mkopo, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mitihani, uandikishaji wa mbolea: kurasa hizo zifunguke hata kama salio ni sifuri, na makampuni yalipwe na Mfuko. Njia nyingine ipo tayari. Ukibonyeza *152*00# unafikia baadhi ya huduma za Serikali hata kwa kitochi. Basi huduma nyingi zaidi ziletwe huko.

Pili, kila kijiji kipate intaneti mahali pamoja pa wote: shuleni, zahanati, au ofisi ya ushirika. Mfuko ulipe ada yake, na kiasi kilicholipwa kibandikwe ukutani kama hivi, tukione.

Tatu, kaya zilizo maskini kabisa zipewe fedha mkononi, si punguzo la dukani. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF ulionyesha kwamba hilo linawezekana. Mama akiishika shilingi yake, atajua mwenyewe anunue bando au daftari.

Hatuombi kodi ipunguzwe kwenye vocha. Tukiomba hivyo tutarudi palepale pa 2021. Katika kila vocha tunayokwangua kuna VAT na kuna ushuru wa bidhaa. Tunaomba sehemu ya hicho tunacholipa irudi kwetu kwa njia inayohesabika.

Wapo watakaouliza, mbona maji hayajafika, ninyi mnadai intaneti? Swali ni la haki. Lakini kama mbolea, mkopo wa mtoto na cheti vimekwisha pelekwa kwenye simu, si sisi tuliovipeleka huko. Aliyehamisha mlango na aweke ngazi. Wengine watasema vijana watajaa pale ofisini kutazama mpira na muziki. Hilo linatushinda nini? Mkutano wa kijiji uweke saa za kazi na saa za burudani, na sheria ifuatwe.

Na sisi tusikae mikono kifuani. Chumba ni chetu, mlinzi ni wetu, benchi ni letu. Vijana waliosoma wapangwe zamu ya kuwasaidia wazee bila malipo, kwa sharti moja kubwa: anayemsaidia mzee asiishike namba yake ya siri, wala asizichukue habari zake akazitangaze kilabuni. Daftari la mahudhurio liwepo, ili siku Serikali ikiuliza fedha yake imefanya nini, tujibu kwa majina ya shughuli na hesabu, si kwa vigelegele.

Jambo hili tutaliweka mbele ya mkutano mkuu ujao. Kila mwanachama aje amehesabu nyumbani kwake: mwezi uliopita ametumia shilingi ngapi kwa bando na steshenari ili ahudumiwe na Serikali yake? Hesabu hizo tutaziandika, tutazijumlisha, na barua tutaipeleka kwa Diwani na kwa Mbunge. Asiyejua anachotoa hawezi kudai anachostahili.

Kazi kwetu.

Kamati ya Gazeti la Ukutani