MNAOCHEKA KIZAZI KIKISHUKA, NANI ALIMTWISHA MZIGO?



Katika mkutano wa mwezi uliopita sisi wa tawi tulileta shauri. Ushirika ununue mikokoteni miwili ya punda kwa ajili ya maji na kuni za mabani, na utenge mfuko wa nauli ya wajawazito na akina mama wagonjwa. Tulipotaja sababu, yaani kizazi kushuka na mkojo kuvuja, wanaume wa nyuma wakaangua kicheko. Shauri likasukumwa kando, tukahamia bei ya mbolea. Mbolea ilizungumzwa saa mbili nzima! Basi tunaandika hapa ukutani, ambapo hakuna wa kutukatiza.

Ati haya ni mambo ya chumbani. Siyo kweli. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipita nchi nzima kwa redio na kwa vikundi vya kisomo. Watu walitajiwa choo na kinyesi mchana kweupe, wazee wamekaa, wakwe wamekaa, na vyoo vikachimbwa. Kama aibu ingeachiwa itawale siku zile, mpaka leo tungekuwa tunakwenda porini.

Sasa tueleze jambo lenyewe. Chini kabisa ya tumbo, katikati ya mifupa ya nyonga, mwanamke ana misuli iliyotandikwa kama kamba za kitanda. Juu yake kimekaa kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Kuzaa kunazivuta kamba hizo. Kuzaa mara nyingi, kusukuma muda mrefu, umri, kikohozi kisichopona na mizigo mizito ya kila siku huzilegeza. Kamba za kitanda zikilegea mnajua aliyelala anafika wapi. Mama akikohoa, akicheka au akijitwisha ndoo, mkojo unamtoka. Mwingine anasikia uzito ukeni, kama kitu kinataka kuanguka, na hatimaye kizazi chenyewe kinachungulia nje. Anakaa kimya. Anavaa khanga mbili, anaacha kwenda kanisani au msikitini, na hata kwenye ngoma hamumwoni tena.

Na mizigo tunaijua. Sisi Wanyamwezi tunapenda kujisifu kwamba babu zetu walikuwa wapagazi hodari, kila mmoja na kilo kama 30 begani, toka Unyanyembe mpaka Bagamoyo. Sawa. Lakini mpagazi alilipwa nguo, na jioni alitua mzigo akakaa motoni. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 ya maji matupu. Mama akienda kisimani mara tatu ni kilo 60 kwa siku, na bado hatujahesabu kuni. Msimu wa tumbaku bani halilali, linataka magogo usiku na mchana, na nani anayabeba? Mwingine ana mtoto wa wiki mbili mgongoni! Halafu fedha za soko zikitoka anayeweka sahihi ni mwanamume. Zamani jambo la namna hii liliitwa unyonyaji. Sisi hatujaona sababu ya kulibadilisha jina.

Kuna na ugonjwa mwingine, fistula, msichanganye. Huo unatokana na uchungu wa muda mrefu, mtoto amekwama. Kichwa chake kinabana nyama ya kibofu kwenye mfupa, damu haifiki, nyama inakufa. Baada ya siku chache panatoboka tundu, na mkojo, pengine hata choo kikubwa, unavuja bila kukoma. Mara nyingi mtoto naye amekwisha kufa. Hapo ndipo wanaanza wale wa vilabuni: amelogwa, ama alitoka nje ya ndoa ndiyo maana hakuzaa vizuri. Mume anamrudisha kwao. Ndugu, kilichomtoboa ni kukosa gari la kumfikisha kwa daktari wa kumpasua mapema. Uzinzi hautoboi kibofu.

Magonjwa haya yote yana tiba. Misuli iliyolegea kidogo inakazwa kwa mazoezi: mama anaibana kama anayezuia mkojo na hewa pamoja, anahesabu polepole mpaka tano, anaachia, anapumzika, anarudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Asichoke kabla ya miezi mitatu. Hayana gharama, na anaweza kuyafanya hata akiwa anachambua mchele. Kizazi kilichoshuka zaidi kinashikiliwa kwa pete maalumu anayowekewa hospitali, au kinapasuliwa. Kuweka majani na dawa za unga ukeni kunaleta vidonda, wala hakupandishi kitu.

Fistula inataka daktari aliyefundishwa kazi hiyo. Huko Addis Ababa, Ethiopia, mwaka 1974 ilifunguliwa hospitali nzima kwa ajili ya ugonjwa huu tu. Hapa kwetu wanapasua CCBRT Dar es Salaam na Bugando Mwanza. CCBRT kwa miaka mingi imewapasua wanawake hawa bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kuwatumia nauli kwa simu, kwa M-Pesa, kwa kuwa iliona nauli ndiyo inayowafungia nyumbani. Mama aliyepata tatizo amwone muuguzi wa zahanati, ampigie simu kuuliza utaratibu. Aende mapema. Tundu dogo likiwahiwa, pengine mpira wa mkojo peke yake unatosha likajifunga. Akishapona, mimba inayofuata ajifungulie hospitali, kwa upasuaji. Na mume asubiri miezi aliyoambiwa na daktari. Hapo tunajua mtanuna.

Shauri letu linarudi mkutano ujao, na safari hii limeandikwa namba moja kwenye ajenda, kabla ya mbolea. Mikokoteni miwili. Mfuko wa nauli, kila mkulima akatwe kidogo kwa kila kilo ya tumbaku, kama tulivyokatwa msimu uliopita kupaka rangi ofisi. Na mwanamke aliyejifungua asipelekwe kwenye kuni wala maji mpaka wiki sita ziishe, mume wake ateke.

Akina mama msikae nje mwembeni na watoto kama safari ile. Ingieni ndani, kaeni mbele, kura ni zenu pia. Waliocheka nao waje, tutawapa nafasi ya kueleza kilichowachekesha.

Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kamati