Maumivu ya mgonjwa wa UKIMWI yasiitwe subira



Katika nyumba zetu nyingi mgonjwa ambaye UKIMWI umemfikisha pabaya hulia usiku kucha, miguu inamuwaka moto, koo lina vidonda, na jamaa waliomzunguka humwambia: "Subiri, maumivu yanafuta dhambi." Ni kweli Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa maradhi ni kafara. Lakini hilo ni baina ya mgonjwa na Mola wake. Wewe uliyekaa pembeni umeamrishwa jambo jingine, nalo ni kutafuta tiba.

Kwanza usidhani kuwa aliyedhoofika amekwisha. Wapo waliobebwa kwa machela, wakatibiwa kifua kikuu, wakaanzishiwa ARV, na leo wanakwenda msikitini kwa miguu yao. Kichwa kikimuuma siku kadhaa bila kutulia, huenda ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, nayo huua isipotibiwa. Kombe mnywesheni, lakini gari liwe mlangoni.

Ugomvi mkubwa huja daktari akiandika mofini ya maji. Nusu ya familia husema ni kileo, nusu husema inaua. Kileo hunywewa ili akili iondoke. Mofini, kwa kipimo cha daktari, huondoa maumivu akili ikabaki. Atasinzia siku mbili tatu za mwanzo, kisha ataweza kuswali japo kwa kulala ubavu. Haiharakishi kifo. Nchini Uganda, hospisi aliyoianzisha Dk. Anne Merriman mwaka 1993 huwapa wagonjwa wa saratani na UKIMWI dawa hii wakainywa majumbani mwao. Anayeshikilia kuwa ni haramu na awaulize masheikh hukumu ya dharura, ila asimzuilie mgonjwa wakati anatafuta jibu.

Hutolewa kila baada ya saa 4, kwa kutazama saa, si kungoja mpaka alie. Hufunga choo, basi omba na dawa ya kulainisha. Usiongeze kipimo mwenyewe, na chupa ikae mbali na watoto.

Unapomsafisha kinyesi au damu vaa glavu. Kumgeuza kitandani, kumkumbatia na kula naye sinia moja hakuambukizi, ingawa bado tunaona wanaotengewa kikombe chao.

Nenda kituo cha afya cha karibu ukaulize kama mofini ipo. Wakisema haipo, usiondoke kabla hawajakwambia inapatikana wapi.