Video za Kikoa na Mzigo wa Mtazamaji

Kula kikoa ni desturi ya Waswahili tangu jadi: kila mmoja huleta chake, wote wakala pamoja. Ndivyo zinavyopeperushwa baadhi ya video kwenye intaneti. Badala ya watazamaji wote kuitegemea seva moja, kila tarakilishi inayopokea vipande vya video huzipokeza nyingine. Mfumo wa CoolStreaming ulipozuka mwaka wa 2004, ukafuatwa na PPLive ya Uchina, wapo waliodai kuwa taabu ya seva kulemewa imekwisha, kwani kila mtazamaji mpya huja na nguvu zake.

Dai hilo lina ukweli, ila si kamili. Laini nyingi za nyumbani hupokea data kwa kasi kuliko zinavyotuma. Na ichukuliwe kuwa video inahitaji kilobiti 384 kwa sekunde, inatazamwa na watu 100, na kila mmoja anaweza kutuma kilobiti 256 tu. Wanahitaji jumla ya 38,400, wanachanga 25,600. Thuluthi iliyopungua sharti itoke kwa seva ile ile, la sivyo picha hukwama. Isitoshe, matangazo ya moja kwa moja hayasubiri: kipande kilichochelewa ni sawa na kilichopotea. Ndiyo maana programu hizi hujiwekea akiba ya vipande kabla ya kuonyesha chochote, na mpenzi wa kandanda humsikia jirani mwenye televisheni akishangilia bao ambalo kwake bado halijafungwa!

Hata hivyo, kasoro kubwa si ya kiufundi. BBC ilipozindua iPlayer mwaka wa 2007, programu yake ya kupakua vipindi ilitumia utaratibu huu, na baadhi ya watumiaji wakalalamika kuwa tarakilishi zao zilituma data chinichini hata wasipotazama lolote. Mwishoni mwa 2008 utaratibu huo uliachwa. Gharama aliyojitua mrushaji haikutoweka. Ilihamia kwa mtazamaji.

Nchini Kenya, ambako wengi hununua data kwa vifurushi, jambo hili ni zito zaidi, maana megabaiti inayotumwa hukatwa sawa na inayopokelewa. Mwanafunzi anayetazama mhadhara huenda akaulipia pia wa mwenziwe asiyemjua. Mla kikoa hujua anacholeta, huyu hakuulizwa. Programu ya aina hii yafaa imwombe mtumiaji idhini kabla ya kutuma hata kipande kimoja, imruhusu kuweka kikomo, na iwatafute kwanza watazamaji walio katika mtandao wa chuo kile kile kabla ya kuvuka bahari.