Bendi Changa na Gita la Kangema

Vijana wa Mwambao wanaopiga magita wana lalamiko moja, nalo nalisikia kila nikutanapo nao, iwe Mombasa, Malindi au Lamu: hakuna kampuni inayowataka, hakuna redio inayopiga nyimbo zao, na kwa hivyo bendi zao hufa hata hazijajulikana. Wengi wao siku hizi wamependa muziki wa roki, nao wanaamini kuwa bendi isiyokuwa na tajiri nyuma yake haiwezi kusimama. Mimi naona vingine. Na ushahidi wangu siutoi Uingereza wala Marekani. Nautoa kwenye baridi ya Mlima Kenya, katika nchi ya Murang'a, Karatina na Nyeri, ambako wengi wetu twadhani hakutoki kitu ila chai na kahawa.

Joseph Kamaru alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939. Alipoingia Nairobi mwaka 1957 alikuwa kijana mtafuta kazi kama maelfu wengine, na Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Gita alilinunua baada ya kufika mjini. Jina lake halikushika ila mwaka 1967, kwa wimbo uitwao "Celina", aliouimba pamoja na dada yake, Catherine Muthoni. Kutoka 1957 mpaka 1967 ni miaka kumi kamili. Ningependa kila kijana anayetaka kuvunja bendi yake kwa kuwa hakualikwa kwenye arusi kwa miezi sita aipige hesabu hiyo kwa vidole vyake mwenyewe.

Katika miaka hiyo kumi hakukaa akiiga ya wageni. Nchi ile ilikuwa na ngoma zake. Kulikuwa na muthirigu, nyimbo za kuwapinga wamishonari na serikali, ambazo wakoloni walizipiga marufuku mwaka 1930. Kulikuwa na mwomboko, ambao waliuchanganya na hatua za dansi za Kizungu, wakaupigia kodiani, kodiani ile ile tuijuayo sisi katika taarabu, pamoja na pete ya chuma igongwayo kwa chuma kingine, waiitayo karing'aring'a. Gita la Kamaru lilipokuja lilikuta wasikilizaji waliokwisha kuzoea kusikia mambo yao wenyewe yakiimbwa kwa Kikuyu. Naye akawaimbia hayo hayo: mapenzi, ukwe, ulevi, siasa, na methali za wazee.

Maneno ndiyo yaliyomjenga, na hapo ndipo mtu wa Mwambao anapopaswa kutega sikio. Mwaka 1969 alitoa wimbo "Ndari ya Mwarimu", uliomsema mwalimu anayemtaka mwanafunzi wake. Walimu walikasirika, chama chao kikatishia kugoma. Mwaka 1975 alipouawa J.M. Kariuki, Kamaru alitoa wimbo wa kulaani mauaji yale, na hali alikuwa akisikilizana vyema na Mzee Kenyatta. Usuhuba ule ukaharibika. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifanya kazi kama hiyo zamani za Mazrui, bila gita na bila santuri. Beti zake ziliingia katika ugomvi wa Mombasa na Lamu kama mtu aingiavyo barazani.

Najua wako masheikh wasioridhia ala za muziki hata kidogo, na mimi niliyelelewa chuoni siwezi kujifanya siijui hitilafu ya wanazuoni katika jambo hili. Sitaingia humo. Gazeti si mahali pa kutolea fatwa. Nasema tu kwamba magita yamekwisha kuwamo mikononi mwa watoto wetu, na watakaloliimba ni bora liwe lina maana.

Jambo la pili ni soko. Santuri za Kikuyu zilikuwa na mtaa wake, River Road, Nairobi, na kutoka hapo zilisafiri kwa mabasi mpaka vijiji vya mlimani. Kamaru alikuwa na maduka yake ya santuri na lebo yake, City Sounds. Inakadiriwa kuwa aliuza santuri nusu milioni hivi. Na hakuwa peke yake. Jane Nyambura, aliyejulikana kama Queen Jane na akafariki mwaka 2010, alianza mwaka 1984 kama mwimbaji tu katika Mbiri Young Stars, bendi ya Musaimo, kisha akatoka akaunda bendi yake mwenyewe. Hiyo ilikuwa ngazi: mtu alijifunza katika bendi ya mwenziwe, akapata jina, akatoka na lake.

Sisi je? Ndugu wa ukoo wa Harrison, watoto wa Kaloleni, waliunda Them Mushrooms mwaka 1972. Walianza kwa rege, wakawa wakipiga katika mahoteli ya pwani, na mwaka 1982 wakatoa "Jambo Bwana". Mwaka uliofuata Boney M wakautoa wimbo huo kwa namna yao, na dunia nzima ikaujua. Siwabezi hata kidogo. Kipaji chao hakina shaka. Lakini huo ni wimbo wa kumwamkia mtalii, na mtalii hukaa wiki mbili akenda zake. Mteja wa Kamaru alikuwa jirani yake, ambaye mwaka wa pili bado yuko pale pale, na ana wimbo mwingine autakao. Them Mushrooms wenyewe walihamia Nairobi mwaka 1987. Bendi nyingine za mahotelini ziliendelea kupiga nyimbo za watu wengine mpaka zikavunjika, na leo hata majina yao ni taabu kuyapata.

Sisemi kuwa huko mlimani mambo yote yalikuwa asali. Kanda za wizi ziliwaumiza vibaya sana. Kamaru mwenyewe aliuacha muziki wa dunia mwaka 1993 akageukia nyimbo za dini yake, na wapenzi wake wengi wakamkimbia. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2018.

Ameacha mjukuu mwenye jina lake, Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU, aliyehamia Berlin. Muziki wa kijana huyu haufanani na wa babu yake hata chembe. Hauna kuimba, ni sauti za mahali na za mitambo. Lakini yeye ndiye anayezikusanya nyimbo za babu yake na kuzitoa upya kwenye intaneti, moja baada ya moja. Ningependa kujua ni bendi ngapi za Mombasa za miaka ya 1970 ambazo wajukuu wake wana kitu kabatini cha kukitoa.