Idadi ya Miche Pekee Haitoshi: Pemba na Hatima ya Mbegu Zake

Kila msimu wa masika unapowadia, vitalu vya Pemba hujaa miche ya mikarafuu na ya miti ya misitu inayosubiri kufikishwa kwa wananchi. Mafanikio ya kazi hiyo kwa kawaida hupimwa kwa hesabu: miche mingapi imeoteshwa, mingapi imepandwa na mingapi imeshika. Hesabu hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, lipo swali jingine lenye uzito ule ule, nalo linahusu asili ya mbegu: zimetoka katika miti mizazi mingapi, na miti hiyo ina undugu wa karibu kiasi gani?

Elimu ya vinasaba inaeleza kwa nini swali hilo lina umuhimu. Katika kundi kubwa la mimea ya aina moja, kila mti hubeba sifa zinazotofautiana kidogo na za mwenzake. Mmoja huvumilia ukame, mwingine huhimili ukungu, na wa tatu huwahi kuchanua. Balaa linapotokea, tofauti hizo huwa akiba, kwa kuwa baadhi ya miti husalimika na kuendeleza kizazi. Kundi likiwa dogo na likatengwa kwa muda mrefu, baadhi ya sifa hupotea kwa bahati nasibu tu, na miti huanza kuzaliana ndugu kwa ndugu. Shamba au msitu waweza kuonekana umestawi ilhali akiba yake imekwisha.

Mfano ulio karibu zaidi na Wapemba ni mkarafuu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Mnamo mwaka 1770, Wafaransa walifanikiwa kutorosha miche na mbegu kutoka huko na kuzipeleka Mauritius, kisha Réunion, na ni idadi ndogo tu iliyosalimika. Kutoka katika visiwa hivyo vya Mascarene, mkarafuu uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoteketeza sehemu kubwa ya mashamba ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, na hadi leo inatoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Kwa maneno mengine, uchumi wa maelfu ya kaya umesimama juu ya kizazi cha miti michache iliyopita katika tundu la sindano mara mbili au zaidi. Zaidi ya hayo, ua la mkarafuu huweza kujichavusha lenyewe, jambo linalopunguza mchanganyiko mpya wa sifa.

Katika karne ya 20, maradhi ya kufa ghafla yaliangusha mikarafuu mingi iliyokomaa visiwani. Ufinyu wa asili ya miti hiyo hauwezi kutajwa kuwa ndio chanzo cha maradhi. Lakini mashamba yenye miti inayofanana mno huwa na nafasi ndogo ya kupata mti unaohimili ugonjwa, ambao mbegu yake ingekuwa mwanzo wa shamba jipya.

Upande wa pili wa suala hili uko katika msitu wa Ngezi, Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Pemba imetenganishwa na bara kwa mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 500, tofauti na Unguja, ambayo iliungana na bara pale kina cha bahari kiliposhuka katika enzi za barafu. Kwa sababu hiyo, mimea ya Pemba imekaa peke yake kwa muda mrefu sana. Mmojawapo ni mpapindi, jamii ya mnazi inayojulikana kwa wataalamu kama Chrysalidocarpus pembanus. Kwa asili, haupatikani mahali pengine popote duniani, na jamaa zake wa karibu wako Madagaska na Komoro.

Mpapindi hupandwa leo katika bustani za mapambo za nchi mbalimbali, na huenda mtu akadhani kwamba umeshasalimika. Dhana hiyo inahitaji tahadhari. Bustani huhifadhi umbo la mti. Lakini tofauti zilizojengeka ndani ya kundi zima zinabaki katika msitu wenyewe, na kila kipande cha Ngezi kinachofyekwa huondoka na sehemu ya tofauti hizo, ambazo hazina pa kuazimwa.

Wanyama nao wana nafasi yao. Popo wa Pemba, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa, ameongezeka na kupindukia 20,000 baada ya vijiji kushiriki katika kumlinda. Popo huyo hula matunda na maua ya miti mingi. Katika safari zake za usiku husambaza mbegu na chavua kutoka kipande kimoja cha msitu hadi kingine, na hivyo huunganisha makundi ya miti ambayo mashamba na makaazi yameyatenga. Kumlinda popo ni sehemu ya kuulinda msitu.

Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Maliasili za Misitu ya mwaka 1996 imeweka msingi wa ulinzi huo na kutoa nafasi kwa jamii kushiriki. Kinachobaki ni utekelezaji wa kila siku. Wenye vitalu wanapaswa kukusanya mbegu kutoka katika miti mizazi mingi iliyo mbali mbali, badala ya kutegemea mti mmoja uliozaa sana. Mkulima mwenye mkarafuu mkongwe uliosimama pale ambapo jirani zake wote wamekufa ana sababu ya kumwarifu bwana shamba kabla ya kuukata. Miche ya miti ya asili ya Ngezi nayo ioteshwe kutokana na mbegu za Ngezi.

Mche unaopandwa leo utaishi kuliko aliyeupanda. Mbegu iliyochaguliwa kwa uangalifu kitaluni ndiyo itakayoamua kama wajukuu watarithi mashamba yanayoweza kustahimili maradhi na mabadiliko ya tabianchi, au mashamba yatakayoanguka yote kwa pigo moja.