Majina ya Njaa: Kumbukumbu ya Wakamba

Kila taifa lina njia yake ya kuhifadhi mambo yaliyopita. Wako walioyachora juu ya mawe, na wako walioyaandika vitabuni. Wakamba wa zamani hawakuwa na vitabu, lakini miaka hawakuisahau, kwa kuwa waliipa majina. Na mengi ya majina hayo ni ya njaa.

Wazee husimulia kwamba wahenga wao walitoka upande wa Kilimanjaro, wakakaa katika vilima vya Mbooni penye maji na udongo mzuri. Watu walipozidi, wengine walivuka mto Athi wakaenea katika nchi ya Kitui, ambamo Migwani imo. Huko mvua haiaminiki. Shamba liliponyima, watu walikwenda kwa majirani kutafuta chakula. Safari hiyo yaitwa kuthuua. Wakazoea njia, na katika karne ya 19 misafara yao ikapeleka pembe za ndovu hata Mombasa. Kivoi, mkuu wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf, ambaye mnamo tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui.

Njaa ya 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, yaani iliyoenea pote. Hata majirani hawakuwa na cha kuuza. Ile ya 1961 iliitwa Ndeke, kwa sababu chakula kilidondoshwa kwa ndege. Na katika miaka ya 1980 ilikuja Nikwa Ngwete, maana yake "nafa nimeshika": fedha zilikuwamo mkononi, wala dukani hamkuwa na nafaka.

Majina haya si maombolezo tu, bali ni mafundisho. La kwanza laonya kwamba jirani naye aweza kukosa. La mwisho, kwamba fedha si ghala. Ndiyo maana mwethya, yaani kazi ya ujima, ingali ikithaminiwa: watu huchimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga kabla ya ukame kufika.

Lakini mtoto wa leo aweza kutaja tarehe za vita vya Ulaya, asijue mwaka aliozaliwa babu yake uliitwaje. Penye wazee haliharibiki neno, ila wazee hawakai milele. Mwenye kalamu na daftari na aketi nao mapema, aandike.